Punda akilia hakuulizi swali

Hii nilizungumza juzi mbele ya vijana wanaojifunza kazi za onlaini hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Wengine walifika nimeshamaliza wakaniomba niiandike, basi nimeiandika vile nilivyoongea, na pale nilipopotea njia nimepaacha hivyo hivyo.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wale wa nyuma mnanisikia? Sogeeni basi, huku mbele hapaumi.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri. Natafsiri makaratasi ya afya, mikataba, maelezo ya mashine, saa zingine naandika yale maneno yanayopita chini ya video, kazi inakuja kwa intaneti na pesa zinaingia kwa simu. Nimeambiwa niwaeleze napata wapi utulivu wa kufanya haya yote nikiwa Langoni, nyumba ya watu tisa, mtaa ambao ukifunga mlango mchana watu wanaulizana humo ndani kuna mgonjwa gani.

Kwanza tuitoe hii ya kelele. Wageni wakija Lamu husema mji kimya huu, hauna magari, halafu wanalala usiku mmoja na asubuhi wanaamka macho mekundu, punda wamelia, jogoo wamewika, msikiti huu umeadhini na ule pale umefuatia, fundi anagonga mbao na jenereta ya jirani inanguruma. Wanadhani sisi tunaofanya kazi za kichwa tunateswa na hayo. Wallahi mimi hayo hayajanikosesha hata sentensi moja. Punda akilia hakuulizi swali. Analia, anamaliza, na usipomjibu hanuni. Kinachovunja kazi ni kile kinachokungoja umjibu. "Ule ufunguo wa stoo uko wapi?" Maneno sita hayo, yamesemwa kwa adabu, kwa sauti ya chini, na yanabomoa kuliko punda ishirini.

Niwaambie iliyonifika mimi. Nilikuwa natafsiri karatasi ya dawa ya watoto, na ndani yake mna jedwali, uzito wa mtoto upande huu, mililita za dawa upande ule. Uzito nilikuwa nishauandika wote kutoka juu mpaka chini, sasa najaza mililita. Niko mstari wa nne, hodi. Jirani, anataka kuazima mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, si mbuzi wa nyama. Nikainuka nikampa, tukaulizana hali, akaniambia mwanawe ana mafua, nikampa pole, dakika nne hazikufika, nikarudi nikakaa nikaendelea. Ila wa tano sikuuona, nikachukua mililita za mstari wa sita nikazitia kwenye wa tano, za wa saba nikazitia wa sita, hivyo mpaka chini, yaani kuanzia hapo kila mtoto akapandishiwa dozi ya mkubwa wake. Aliyekagua akaiona, alhamdulillahi, haikumfikia mgonjwa yeyote. Kazi ile sikulipwa na klayenti yule hakurudi tena na mimi sikumlaumu. Na jirani simlaumu pia, angejuaje? Kwa macho yake alinikuta nimekaa.

Hilo neno, "nimekaa", liwekeni, nitalirudia.

Baadaye nikaja kusoma kwamba si mimi tu. Mwaka 2010 mtafiti wa Australia anaitwa Johanna Westbrook na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia manesi 98 kwenye hospitali mbili za Sydney, manesi wanagawa dawa na watafiti wamesimama pembeni wanahesabu, huyu kakatizwa mara ngapi, kakosea wapi. Wakakuta kila anapokatizwa mara moja makosa yanapanda kwa asilimia 12 hivi, na akikatizwa mara nne kwa mgonjwa mmoja, uwezekano wa kosa kubwa unakuwa karibu maradufu. Hao ni watu waliosomea, wamesimama kabisa na dawa mkononi. Naye Gloria Mark, profesa kule California, ambaye amekaa miaka mingi akiwaangalia watu wa maofisini kwa saa ya kupimia, anasema mtu akikatizwa humchukua kama dakika 23 kurudi kwenye kazi ileile aliyoiacha, manake harudi moja kwa moja, hapo katikati ashashika kingine na kingine. Kwa hiyo mbuzi ya nazi haikunila dakika nne. Pigeni hesabu wenyewe, hodi sita kwa asubuhi moja inabaki nini.

Basi nikaanza kutafuta mahali. Nilidhani shida yangu ni mahali.

Nikaanza na juu, paani, chini ya makuti, upepo mzuri, bahari unaiona. Siku ya kwanza raha. Siku ya pili mama wa nyumba ya pili kapanda kuanika nguo, na nyinyi mnajua nyumba zetu, paa na paa zinagusana kama watu kwenye safu ya sala, kanisalimu, nimemwitikia, kaniuliza habari za harusi ya nani sijui, basi. Kusi nayo ilikuwa imeanza, karatasi zimeruka zimeingia uani kwa watu.

Nikaenda mkahawa wa pwani, nimeagiza jusi ya ukwaju moja. Amu hii, hakuna kukaa peke yako mkahawani, ukikaa peke yako watu wanakuonea huruma. Walikuja wanne kunifariji.

Nikajaribu ngomeni. Ile ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na kwa miaka mingi ilikuwa jela, mpaka 1984, nikajiambia pahali palipoweza kuwakalisha watu kitako muda wote huo hapatanishinda mimi. Nikapata kona ya kivuli, ukuta mnene, baridi nzuri. Lakini kutoka kwetu mpaka ngomeni ni salamu ishirini za kwenda na ishirini za kurudi, na laptopu mkononi kila mtu anataka kujua nampelekea nani.

Nikasoma kwamba Maya Angelou, yule mwandishi Mmarekani, alikuwa akikodi chumba cha hoteli mjini kwake, anaondoka nyumbani asubuhi, anawaambia watoe picha zote ukutani, anajilaza kitandani anaandika mpaka mchana halafu anarudi kwake. Nikaona hii nzuri sana. Halafu nikafikiri, mimi, mwanamke wa Langoni, nionekane kila asubuhi naingia hoteli peke yangu na natoka adhuhuri? Hiyo si kukatizwa tena, hiyo ni kuitiwa wazee. (Mnacheka, lakini dada zangu hapa wanajua sisemi mzaha. Kaka zetu wana Mkunguni, ule uwanja wa mbele ya ngome, wana baraza, mwanamume akitoka nyumbani haulizwi. Mambo haya hayatugawii sawa.)

Nilipochoka kuzunguka nikarudi nyumbani, na hapo ndipo nilipoiangalia nyumba yetu kama sijawahi kuiona. Nyumba ya marehemu bibi ni ya mawe, ya kale. Hebu ifuateni kutoka nje. Kwanza daka, pale mlangoni na viti vya mawe huku na huku. Mgeni wa shughuli anaishia hapo, kahawa inamfuata hapo hapo, hana haja ya kuingia. Aliye karibu kidogo anaingia tekani, na tekani imepindwa kwa makusudi, ukisimama mlangoni macho yako yanagonga ukuta. Halafu kiwanda, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, halafu msana wa kwanza, msana wa pili, halafu ndani, ndani yenyewe. Vyumba virefu vyembamba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, manake upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko, hazivuki mita tatu hivi. Kila ukivuka kimoja watu wanapungua. Kifumbu kile, kinachuja watu. Wazee wale walijua kabisa kwamba huwezi kumfukuza mtu Amu, mtu hafukuzwi, ila unaweza kumpa mahali pazuri pa kuishia.

Sasa sisi tumefanya nini? Tumechukua simu, mgeni asiyejua hodi, tumemvusha daka, tekani, kiwanda, misana yote miwili, tumemlaza juu ya mto ubavuni mwetu. Halafu tunasema nyumba ina kelele. Na si kwamba tunakatizwa na watu tu, yule Gloria Mark alikuta karibu nusu ya kukatizwa kwote mtu anajikatiza mwenyewe, hakuna aliyemwita, mkono umeenda wenyewe. Mimi wangu ulikuwa unaenda nikikwama kwenye neno gumu. Neno linakataa, mkono huo, WhatsApp, nani kaposti nini.

Dawa nimeipata kwa bahati mbaya. Kule ndani kabisa netiweki haifiki. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama kutoka kiwiko changu mpaka vidoleni, waifai inafia msana wa pili. Mwanzo nililalamika, nikataka kununua kile kimashine cha kusukuma waifai. Nashukuru sikuwa na pesa. Sasa nafanya hivi, nakaa kiwandani nadaunilodi faili na kamusi zangu, simu naiweka kidakani, kile kishimo cha ukutani pale msanani, zile zidaka watu wa kale walipangia vyombo vya kauri vya China, changu mimi kina simu imelazwa kifudifudi, halafu naingia ndani na laptopu yenye chaji na kalamu. Neno gumu naliandika pembeni, nitalitafuta nikitoka. Nikimaliza natoka kiwandani natuma. Stima zikikatika betri yangu ina masaa matatu, na wallahi siku za kukatika stima ndizo nafanya kazi nyingi zaidi, manake najua yanaisha.

Saa nayo ina habari yake. Nilijaribu usiku, watoto wakilala, saa nne mpaka saa saba. Kimya kweli, lakini kichwa kilikuwa kishakamuliwa, limebaki chicha, nilikuwa naandika usiku asubuhi nafuta. Kwa wiki mbili nikawa naandika nyuma ya kalenda kila ninapoitwa, saa ngapi na nani. Fanyeni hii, haina gharama. Nikaona kuanzia baada ya sala ya alfajiri mpaka saa moja nimeitwa mara mbili tu wiki zote mbili, na zote ni paka. Kuanzia saa tatu ni soko. Halafu saa nane mchana inashuka tena, watu wameshakula, maduka yamefungwa, mji umelala. Nyinyi mnajua hiyo, hata punda wanasimama kivulini. Basi mji wenyewe ulikuwa umenitengea saa mbili mbili mara mbili kwa siku na mimi nazunguka kutafuta mkahawa. Toni Morrison, mwandishi mwingine Mmarekani, alisema wakati wanawe wadogo alizoea kuandika kabla ya jua kutoka, kabla hawajamwita mama, na mamangu mimi saa hiyo hiyo anakanda unga wa mahamri. Kila mwenye watoto anaijua saa hiyo. Lakini msiichukue yangu, kuna mtu alfajiri ni maiti, asijilazimishe, aangalie kalenda yake.

Sasa nilirudie lile neno, "alinikuta nimekaa".

Ami yangu alikuwa fundi wa majahazi kijijini Matondoni. Utotoni nilikuwa naenda kumwangalia akikalafati. Chombo wanakileta maji yakiwa yamejaa, yakitoka kinakaa juu ya mchanga, na wao wana masaa matano sita kabla maji hayajarudi. Anachukua pamba, anaisokota pajani kwa kiganja, inakuwa kama kamba nene ya kidole, anaichovya mafuta, anaiweka kwenye mwanya wa mbao na mbao, halafu patasi, nyundo, tak tak tak, anaisukuma inaingia, anasogea kidole kimoja, tak tak tak. Hanyanyui kichwa. Na nilichokiona utotoni nisikielewe ni kwamba hakuna aliyemwita. Watu walipita, walisalimu, salamu ile ya kupita, hawakusimama, hata mtoto aliyekuja na ujumbe alikaa kwenye kisiki akangoja. Ami si mkali, alikuwa mpole kuliko wote. Hawakumwita kwa sababu kila mtu alikuwa anayaona maji. Mwanya ukiachwa nusu na maji yakaja, chombo kinavuja, na hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Matondoni.

Na mimi nikiwa ndani kwenye jedwali la dozi, maji yanajaa vilevile, dedlaini saa sita, mwanya uko wazi. Lakini maji yangu nayaona peke yangu. Anayepita anaona mwanamke amekaa kitako anaangalia kioo, mikono haina unga, hana mtoto mgongoni, hafanyi chochote, basi ndiye wa kutumwa. Nilikuwa nawanunia watu kwa kutoyaona maji ambayo sijawaonyesha.

Wenzetu wa ndege walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1974 ndege ilianguka ikitaka kutua Charlotte, kule Marekani, wakafa watu zaidi ya 70, na sauti zilizorekodiwa zikaonyesha marubani walikuwa wanapiga soga, siasa, magari ya mitumba, huku wanashuka kwenye ukungu. Mwaka 1981 Marekani ikaweka sheria, ndege ikiwa chini ya futi 10,000 hakuna mazungumzo wala kazi yoyote kule mbele isipokuwa ya kuiendesha. Angalieni walivyofanya, hawakusema "marubani wawe makini". Walitaja namba. Kila mtu ndani ya ndege anaweza kuijua ni sasa au si sasa. Na zile hospitali nazo, ziko ambazo nesi akigawa dawa anavaa kizibao cha rangi kali kimeandikwa usinikatize, ili wewe unayekuja na swali uyaone maji yake kutoka mbali.

Mimi kizibao nikivaa Langoni nitapigwa picha. Lakini tuna kitu bora kuliko kizibao, tuna adhana. Zamani nilikuwa nasema "niko bize", na bize si saa, bize mtu anaisikia kama kiburi, anangoja dakika kumi anarudi. Siku hizi nasema "nikisikia adhuhuri natoka". Basi. Mama anaisikia, jirani anaisikia, mtoto wa miaka mitano anaisikia, hakuna haja ya kuangalia simu wala kunigongea kuuliza bado. Na la muhimu, ikiadhiniwa natoka kweli, hata sentensi iko nusu, natoka, naulizwa yote, ufunguo, mbuzi, harusi, najibu yote kwa roho safi. Mwezi wa kwanza nilidanganya mara mbili, nikachelewa kutoka, na mara moja hodi zikarudi kama zamani. Watu hawakatai kungoja, wanakataa kungoja kitu wasichojua kinaisha lini.

Na pale mlangoni naning'iniza leso, leso moja tu, nyekundu ya zamani. Leso iko, mgeni anakaa dakani. Mwanzo walidhani nimeanika.

Kuna kijana hapa aliniandikia kabla sijasimama, anasema yeye hana nyumba ya mawe, hana ndani, wako sita kwenye chumba kimoja mtaa wa Kashmir hapa hapa Amu, adhana anaisikia sawa lakini na wadogo zake wanaisikia huku wamemkalia miguuni. Kaka, sitakudanganya, leso haikusaidii. Kwako anza na saa, mahali utapata baadaye, na zungumza na mtu mmoja tu wa nyumba, si wote sita, yule ambaye wengine wanamsikia. Mwambie saa moja tu ya siku, si masaa manne, na mpe kitu mkononi, yaani wewe unachukua wadogo saa fulani yeye apumzike, halafu yeye anawachukua saa yako. Rafiki yangu mmoja alisomea mitihani ndani ya mashua ya babake, imefungwa gatini, kitabu na kofia ya makuti, maji yakitikisika anaandika herufi zimepinda. Alipita.

Mwingine anauliza, na mama akikuita katikati je, mama naye unamwambia adhuhuri?

Hapo nicheke kwanza. Mama ndiye aliyenishinda muda mrefu, mama hapewi saa. Nilichofanya nilimwita ndani siku moja, nikamketisha pembeni, nikamwonyesha lile jedwali la dozi, huu mstari, huu mtoto wa kilo kumi, nilipokosea ni hapa. Aliangalia muda mrefu, yeye kusoma ni kidogo, akasema "kumbe ni kama kofia". Mama anashona kofia za vito, na mkishona mnajua, ukipoteza hesabu ya tundu moja ua lote linakwenda upande na inabidi ufumue. Kesho yake niko ndani nikamsikia dakani, kuna mtu kaja kuniuliza, na mama anamwambia, "Kaa hapo mwanangu, maji yanajaa huko, adhuhuri atatoka."

Basi nikafurahi nikadhani nimemaliza. Wiki ya pili, baada ya alasiri, nimetoka zangu msanani namwuliza mama sukari iko wapi. Hakujibu. Nikauliza tena. Akanionyesha mlango kwa sindano, kichwa hakunyanyua. Leso yangu nyekundu ilikuwa inaning'inia pale, upande wake yeye.

Nikaenda dukani nikanunua nyingine.